Kifurushi

Miaka kumi na mmoja nimepeleka barua za watu
katika vilima vya Dundee,
na ramani niliyo nayo kichwani si ya mitaa,
ni ya vyoo.
Maktaba ya Lochee hufunguliwa saa tatu unusu.
Kanisa la mlango mwekundu: kipo, karatasi hakuna.
Na Bibi Geddes, namba arobaini, ghorofa ya chini,
hajaniuliza neno hata siku moja.
Huacha mlango bila komeo,
akisikia buti zangu hupandisha sauti ya redio,
nisione haya.

Daktari Ramsay alinichorea nyuma ya bahasha:
askari wa mwili wangu wameuvamia utumbo
wakidhani ni adui.
Wamekula, wamechimba,
wametoboa njia mbili hadi kwenye ngozi,
mahali nisipothubutu kupataja.
Uzi wa buluu umekaa humo miaka miwili
kama uzi wa tasbihi
iliyomwaga shanga zake zote.

Raya hufua shuka usiku, bila kuwasha taa.
Hilo hatujalizungumza.

Sasa, akasema daktari, tujaribu seli shina.
Si zako. Zimetolewa kwenye mafuta
ya mtu aliyepunguzwa kiuno mahali fulani,
zikalelewa katika chombo, zikaongezeka.
Zikifika penye vita hazipigani.
Hunong'ona na askari, yasemekana,
na baadhi yao huweka silaha chini.
Baadhi? nikauliza.
Akatazama dirishani.

Kifurushi kilifika Jumanne,
theluji ya majimaji ikianguka.
Saa arobaini na nane tangu kufungwa,
zikipita hizo, kilichomo kimekufa.
Nilimhurumia dereva aliyekileta.
Nikaomba nioneshwe sanduku. Nesi Eilidh akacheka.
Mazoea ya kazi, nikamwambia, nikasoma lebo:
Anayepelekewa, Makame Faki Shoka.
Mtumaji, pametupu.
Posta tunajua, barua ya namna hiyo
hata ukiikataa
huna pa kuirudisha.

Kinyago cha usingizi kikashuka usoni.
Mgeni njoo, nikasema,
na nusu ya pili ikabaki kooni.

Nakuwaza, wewe usiye na anwani.
Pengine ulisimama mbele ya kioo
ukayachukia mafuta haya, ukalipa yaondolewe.
Yalijengwa na nini? Siagi ya sikukuu ipi,
keki ya msiba wa nani
uliyoila peke yako, umesimama, jikoni?
Raya ananitania: siku hizi umependa jibini.
Mimi namwambia hayo ni mambo ya wageni,
mgeni huja na njaa yake.

Leo ni wiki ya kumi na nne.
Njia moja imeziba, uzi umetolewa,
nimeuona kwenye bakuli la bati, mdogo, wa kawaida tu.
Ya pili bado inasema,
hasa nikipanda ngazi za Hilltown na mfuko umejaa.
Daktari hatamki kupona. Husema, tuone.

Jana nimepita namba arobaini
sina haja.
Nilikuwa nimeshafika kwenye ua wa jirani
niliposikia redio ikipandishwa.
Nikasimama na barua mkononi.
Nikarudi, nikaingia,
nikafungulia maji kidogo,
nikatoka.