Nyota Tatu za Leida

Chumba kidogo, Tartu. Theluji dirishani.
Kurasa mbili za duka lile lile la viatu:
moja nyeupe pe, kitufe kimoja cha kijani;
ya pili imesheheni,
bei zikirukaruka, rangi zikipigana vikumbo.

Vijana ishirini, wote,
wameipa ile nyeupe nyota tano.
Urmas anatabasamu.

Kisha Leida, miaka sabini na minane:
tatu.

"Mbona?"

"Safi mno, mwanangu. Inanifikisha kwenye kulipa
kabla sijajua kama navitaka.
Ile nyingine ilinipoteza.
Nikatangatanga, nikakuta buti za mtoto, nyekundu,
nikamkumbuka Maarja."

Urmas anatafuta safu ya kuandika hilo.
Jedwali halina.
Anajaza tatu.
Wastani: nne nukta tisa.