Mbili za Kumi

Jumamosi, Coventry, rasharasha
inayoona haya kuitwa mvua.
Chini ya dirisha barabara ya mzunguko inazunguka,
na Vuai, ambaye kutwa huendesha gari la vifurushi
na hajathubutu kuvuka maili arobaini,
anavua viatu, anapangusa skrini kwa mkono wa shati,
ananiambia: "Leo tunazisawazisha. Leo hakuna kisingizio."

Yake nyekundu, nzito mbele, mtemi wa njia iliyonyooka.
Yangu ya kijani, nyepesi kama deni la mtu mwingine,
nguvu haina, lakini inazijua kona kwa majina.
Gemu imeziweka daraja moja, alama sawasawa.
Alama ni maneno. Sisi tulitaka saa iseme.

Mizunguko kumi yeye, kumi mimi,
ule wa tairi kuteleza tunaufuta,
iliyobaki tunajumlisha, tunagawa,
nyuma ya daftari la Mize la mchezo
(ule wa kupeana pesa, si huu wetu).
Dakika moja, sekunde arobaini na moja, nukta tatu.
Dakika moja, sekunde arobaini na moja, nukta moja.
Mbili za kumi.
Kope haijafika hata chini.

Basi tukaipakia ya kijani kilo kumi na mbili za risasi.
Wiki moja pengo likafa;
nikauzoea uzito, likafufuka.
Akalegeza springi za nyuma, akarefusha gia ya tatu,
akalaza bawa mpaka nyekundu ikawa
inaomba radhi kwenye kila kona.
Tukatoa upepo kwenye matairi, tukaurudisha.
Breki za mbele hamsini na sita, hapana, hamsini na tano,
kama mpishi na chumvi,
akionja anawaza, akiwaza anaonja.
Novemba ikaingia Februari.
Mbili za kumi.

Tukabadilishana magari.
Nikaishika nyekundu yake nikiwa na hakika ya kushindwa.
Nikashinda.

Hapo nilijizuia kucheka.
Nilijua sasa: si gari, ni dereva.
Ikaniingia ile huruma ya mshindi,
ambayo ni kiburi kilichopigwa pasi.
Nikamwambia, "Kona ya saba, kaka, unachelewa kukanyaga."
Akasema, "Inawezekana."

Mize alikuwa anakunja fulana za mtoto.
Hakuinua uso.
"Ile padi ya kulia," alisema, "kitufe chake cha mafuta kimechoka
tangu Nasra alipoitumbukiza kwenye uji.
Ukibonyeza, inafikiri kwanza."

Kulia. Anakokaa Vuai.
Anakokaa tangu jioni ile nilipobisha hodi
na begi moja, namtafuta mtu wa kunionyesha basi la kwenda ghalani,
akaniambia, "Kaa hapa, karibu na hita,"
akanitia padi nzima mkononi,
akajichukulia yenye uji.
Miezi yote hiyo anapima springi, anahesabu risasi,
anaandika kwa mwandiko wake wa shule
nambari ambazo alijua zinavujia wapi.

Nilimtazama.
Alikuwa anachonga penseli iliyokwisha chongeka.
"Nipunguze bawa?" aliuliza.
"Punguza," nilisema. "Pointi moja."

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema,
mvua ileile, haya ileile.
Vuai alikuwa bado nje anatafuta pa kuegesha.
Nikavua koti, nikakaa kulia,
mbali na hita, penye dirisha linalopitisha baridi.
Akaingia, akasimama mlangoni na funguo zake,
akanitazama, akakitazama kiti kitupu,
akamtazama Mize, ambaye ghafla alikuwa na kazi jikoni.
Akakaa.
Akaipindua ile padi nzima mara mbili mkononi
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

Nyekundu na kijani zikajipanga,
taa zikazimika moja moja.
Nilibonyeza,
na gari langu likafikiri kwanza.