Kulipa kwa Jicho

Rudayna huja dukani na mkoba mtupu.
Hana noti, hana kadi,
hana hata kipande cha karatasi chenye muhuri.
Nami humwambia neno lile lile
ninalowaambia wote tangu asubuhi:
Mama, jicho.
Huusogeza uso kwenye kisanduku cheusi
kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo,
na huko ndani, sijui wapi,
kitu huhesabu nyuzi za mboni yake
kisha hunipa ruhusa ya kumpa dengu.

Miaka sita nimekaa kwenye kaunta hii ya kambi,
nje kidogo ya Mafraq, vumbi likijaa kwenye vitufe.
Nayajua macho ya watu kuliko majina yao:
kahawia ya kokwa ya tende,
kijani cha zeituni mbichi,
na yale mekundu ya walioamkia foleni.

Mwezi uliopita Rudayna alitolewa mtoto wa jicho.
Daktari alifurahi: sasa utaona.
Na kweli aliona.
Aliisoma bei ya mafuta bila kumuuliza mtu.
Ila mashine haikumwona yeye.
HATAMBULIKI, kioo kiliandika kwa wekundu,
mwanamke niliyemuuzia chumvi mara mia tatu,
ninayejua kwamba mwanawe Yazan hali bamia.
Jaribu la kushoto, mama. Usipepese.
Foleni ikaguna.
Namjua huyu, nilisema, sijui nikimwambia nani.
Namjua.
Kaunta haina kitufe cha namjua.

Wakili Nisrin alikuja Jumatano na faili la bluu,
akauliza akiwa amesimama, chai ikapoa:
Nani aliomba ridhaa yake, na siku ile alikuwa na siku ngapi hajala?
Angekataa, angepewa nini?
Hiyo ni ridhaa, au ni njaa iliyotia sahihi?
Picha ya jicho lake inalala nchi gani,
chini ya sheria ya nani,
na siku akirudi kwao Daraa, itamfuata,
au itamtangulia
imngojee kizuizini
mkononi mwa yule yule aliyemkimbia?
Neno la siri likiibwa, mtu hubadilisha.
Jicho likiibwa?

Bwana wa ofisi, shati limenyooshwa pasi hadi linakata,
akasema sheria ipo, bado ni rasimu.
Akasema kifungu cha kumi na tisa kinahusu raia.
Akasema hawa si raia hasa,
ni walengwa.
Neno hilo nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo.
Walengwa.
Mtu hulengwa kwa jiwe,
hulengwa kwa risasi,
na akinusurika, hulengwa kwa msaada.

Wanasema macho hayana pazia.
Ni methali ya kumtetea mtazamaji:
aliona tu, hakugusa, mwacheni.
Na anayetazamwa atatetewa na methali gani?
Nimetafuta. Naijua moja tu,
kwamba uso umeumbwa na haya,
lakini kisanduku hakina uso.

Malalamiko yake yamepewa namba.
Namba ni ndefu kuliko jina lake.
Majibu baada ya siku arobaini na tano,
na mfumo, wameandika, hukosea kwa nadra.
Nadra ina watoto wanne.
Nadra huoka mkate usiopumua
kwa sababu hamira imeisha.

Siku ile nilimpa dengu nusu kilo na mikate miwili.
Nikaandika kwa penseli nyuma ya daftari la marehemu baba,
ambamo deni likilipwa hufutwa
na karatasi hubaki na kivuli kidogo tu.
Ni kosa. Najua. Kamera iko juu yangu.

Alipopokea mfuko alinitazama kwa muda,
karibu, kama asomaye bei.
"Kumbe una kovu kidevuni," alisema.
"Miaka yote hii."

Nikaligusa.
Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni.