Karani wa Mizani Amelala

Miaka mitatu nililala na mke aliyekesha.
Somoe alikuwa akihesabu, nami sijui:
moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tisa,
kisha kiwiko ubavuni,
nami nakurupuka, naunguruma upya
kama jenereta iliyovutwa kamba,
nageukia ukutani bila hata kusema pole.

Asubuhi namuuliza, "Mbona macho mekundu?"
"Moshi wa kuni."
Tulikuwa tunapikia gesi.

Mchana ghalani, msimu umechanganya,
foleni imefika barabara ya Masasi,
na mbele yangu mzee Nandonde
na gunia lake moja, la mwaka mzima.
Nilisinzia kati ya tarakimu na tarakimu.
Themanini na moja nikaiandika kumi na nane.
Hakupiga kelele. Alikohoa tu.
"Karani, amka. Umelalia jasho langu."

Newala nzima ilikuwa na dawa yangu.
Ni uraka huo, punguza.
Ni jinamizi, geuza kitanda.
Ni shibe, mwacheni, anayekoroma kala.

Yule daktari kijana kule Mtwara hakucheka.
Alinifunga nyaya kichwani na kidoleni,
akaniambia nilale, kazi nyepesi kuliko zote.
Kulipokucha akanionyesha mstari kwenye kioo:
hapa umeacha kupumua, na hapa, na hapa,
mara arobaini na moja kwa saa.
Nikamtazama kama wakulima wanavyonitazama mimi.
Kumbe kila usiku napunjwa pumzi,
na mpunjaji ni koo langu mwenyewe.

Mashine ni ndogo, sawa na redio ya mkulima.
Ina mpira mrefu, na barakoa, na mikanda ya kichwani.
Usiku wa kwanza niliing'oa saa sita.
Wa pili, saa nane.
Upepo ule haubembelezi; unaingia
kama mkwe aliyekuja na neno lake.
Wiki ya tatu ndipo nilipoacha kubishana nao,
nikafumba mdomo,
nikaamka alfajiri na mate yangu mwenyewe,
kichwa chepesi, sikumbuki kitu.

Mjukuu wangu Chikambo alichungulia mlangoni,
akakimbia uani akipiga mayowe: "Babu kawa lipiko!"
Lipiko humficha aliye ndani yake.
Hili langu hata muuza vocha anajua ni nani.

Lina masharti yake.
Hapa juu maji tunanunua kwa ndoo,
na lenyewe linataka kikombe kila jioni,
yachemshwe, yapoe, yachujwe.
Somoe humimina akinuna:
"Mgeni wako huyu, ya kisima hanywi."
Mwezi wa sita mikorosho ikipulizwa salfa
chujio hugeuka njano kama kiini cha yai.
Nalifua Jumamosi, naanika kamba moja na soksi,
natazama kile ambacho kingekuwa kifuani.
Alama za mikanda hubaki shavuni hadi saa tatu.
Wapakiaji huniuliza nani kanichanja usiku.
Nawaambia, tupieni gunia juu, tuendelee.

Mzee Nandonde alirudi msimu uliofuata.
Alisoma stakabadhi mara mbili,
akanitazama machoni,
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Jana umeme ulikatika, saa tisa hivi.
Mashine ikanyamaza, nami nikaamka na ule ukimya,
barakoa usoni, giza tupu, ukungu dirishani.
Karibu yangu, chini sana,
sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani:
Somoe anakoroma.
Nikashika pumzi. Nikaanza kumhesabia,
moja, mbili,
sikufika tatu.
Nikapapasa kwa mguu uvunguni, nitafute betri ya sola,
taratibu, isije ikagonga ndoo.