Visogo

Mwaka ule dunia niliijua kwa visogo.
Mabwana walikaa mbele, chini ya turubai ya kigari,
mimi na Songoro nyuma, mikono kwenye mpini,
Ndia Kuu hadi Kilindini, chuma juu ya chuma,
na habari zikiturudia pamoja na moshi wa sigara.
Nani angedhani wasukumaji wana masikio?

Mwezi wa tano kisogo chekundu kilisema: Mfalme amekufa.
Bendera zikashuka nusu mlingoti.
Songoro akaninong'oneza: na nauli je, nayo imefiwa?
Haikufiwa. Tulisukuma matanga yote.

Kisha ile nyota yenye mkia,
alfajiri, imelala ubavu
kama ufagio uliosahauliwa uani.
Kisogo chenye mvi kilisema mkia una sumu,
na Alhamisi dunia itapita ndani yake.
Kuze nzima ilisoma Yasini. Wengine walilipa madeni.
Mimi nilidaiwa rupia mbili na Bhanji muuza unga;
nikangoja nione kama Ijumaa itakuja.
Ikaja. Nikalipa.

Ni usiku huo Mwanakheri alijifungua,
mkunga akichungulia dirishani
kuliko alivyomtazama mzazi.
Walitaka mtoto aitwe Nyota.
Nikakataa: nyota inaondoka.

Shaabani, nchi moja ya mashariki ya mbali
(jina lake lilinipotea kwenye kona, magurudumu yakilia)
ilimezwa na jirani yake, kwa karatasi tu, wino na muhuri.
Kisogo kilishangaa. Mimi sikushangaa.
Karatasi nazijua. Yangu ya uhuru imo mkebeni mwaka wa tatu,
mchwa wameanza na jina la aliyenimiliki,
na kigari bado ni kizito.

Mfungo mosi, Idi haijapoa,
visogo viwili vilicheka hadi kofia zikatikisika:
Wareno wamemfukuza mfalme wao,
katoroka kwa merikebu, yeye na mamake.
Tulikuwa tunapita Ngomeni.
Wafungwa walikuwa nje, wanamwaga ndoo
chini ya ukuta walioujenga Wareno hao hao.
Sijui nini kilinipata. Nikapaza sauti:
"Jamani! Waliojenga nyumba yenu wamefukuzwa kwao!"

Mmoja akatua ndoo.
"Basi sisi tunatoka lini?"

Kisogo kimoja kikageuka.
Mwaka mzima, ndiyo mara ya kwanza kuona uso:
kijana tu, ana chunusi, pua imebabuka kwa jua.
"Sukuma," akasema.

Songoro alikuwa ameshaanza.