Mkono wa Tatu

Nilimwona Gualtiero, mng'oa meno wa mtaa wetu,
kwenye sherehe ya kustaafu kwake, hapa Faenza, Novemba,
sahani kushoto, bilauri kulia,
na meya anamjia, mkono umenyooshwa.
Akatazama huku. Akatazama kule.
Kisha akaibana bilauri kwapani
kama mtu anayepimwa homa.
Divai ikamshuka ubavuni, polepole, hadi kwenye mkanda.
Akasalimia. Akatabasamu kwa meno yake yote.

Mshika mbili, walisema, moja humponyoka.
Hawakusema kokwa ya zeituni itemewe wapi.

Mimi Nives ni mfinyanzi, na usiku ule sikulala.
Mkono mtupu haulambwi, nikawaza, sawa,
lakini mkono uliojaa haushikwi.
Asubuhi nikaanza kupima vidole gumba:
changu, cha padre, cha jirani mwenye baridi yabisi,
cha Tarcisio mwuza nyama, kinene kama mshumaa wa Pasaka.
Nikatoboa tundu ukingoni, gumba lipite.
Nikakata pengo, mguu wa bilauri uingie, ukae.
Kando yake kishimo cha kokwa na vijiti,
kidogo, kama kitovu.

Ya kwanza ilipasuka tanurini, palepale tunduni.
Ya pili ilikuwa nzito kama deni.
Ya nne ilimwagia padre wali wa zafarani kwenye mkono wa kanzu,
naye akanisamehe, ila si mara moja.
Nikajifunza:
aliyesimama hana meza, ana kiwiko;
hana kisu, basi kila kitu kikatwe jikoni;
na anapocheka, mwili wote hucheka,
kwa hiyo ukingo uinuke upana wa ukucha.
Ya saba ilisimama.

Nilichoma arobaini, rangi ya maziwa, mstari wa buluu.
Zikazinduliwa kwenye ufunguzi wa duka la miwani.
Watu arobaini wamesimama, hakuna aliyemwaga,
hakuna aliyebana kitu kwapani,
na kila mmoja ana mkono mzima, huru,
usio na kazi.

Nilidhani mikono mitupu itashikana.
Iliingia mifukoni.
Ilitoa simu.
Mmoja ulikuna shingo, ukarudi, ukakuna tena.
Na sauti moja sikuisikia usiku kucha,
ile ndogo, ya aibu kidogo:
*Samahani, nishikie hii mara moja.*

Miaka thelathini iliyopita, arusi ya binamu, Ravenna,
kijana nisiyemjua aliniambia maneno hayohayo,
akanipa bilauri yake, akaenda kupenga kamasi,
asirudi kwa nusu saa.
Nilisimama na bilauri mbili kama mnara wa taa,
nikanywa yangu,
nikanywa na yake.
Aliporudi ilibidi tukatafute nyingine, pamoja, foleni ndefu.
Huyo ni Ivo. Yuko ndani anatafuta soksi.
Tuna watoto wawili na paa linalovuja.

Sahani zinauzwa, sina la kulalamika.
Mahoteli ya Rimini yanaagiza kwa mamia.
Ila katika kila sita ninazofunga,
moja naiacha bila tundu, bila pengo,
sahani ya kawaida, mviringo, isiyosaidia chochote.

Huandika wateja: moja ina kasoro.
Mama mmoja wa Modena aliirudisha, kwa gharama yake,
na barua ya kurasa mbili kuhusu uaminifu.
Nikamtumia yenye tundu.

Baada ya Krismasi alipiga simu.
Alikuwa na wageni, alisema, kisha akanyamaza,
nikasikia mtu nyuma yake akiosha vyombo, akiimba vibaya.
Ile ya kwanza, akauliza, bado unayo?

Ilikuwa rafuni, juu, karibu na dirisha.
Nikaipangusa vumbi kwa kiwiko.
Mikono yangu yote miwili ilikuwa na udongo.