Ala

Kwa lugha yetu neno ni lile lile:
ala, chombo cha kupimia;
ala, kifuko cha kisu.
Nilimweleza Hasmita Vadgama, hapa Leicester,
akapandisha miwani, akacheka:
"Alaa! Kumbe tunashona ala ya ala."

Miezi kumi na minne, kisanduku
kisichozidi mkate wa boflo.
Mizani ilikikataa. Tukakwangua kuta kwa ndani,
milimita mbili, moja na nusu,
kama anayempunguzia mgonjwa chumvi.

Kipimo kinataka kulitazama jua,
na jua ndilo litakalokiua.
Ndipo tukatoboa tundu, dogo kama punje ya ulezi,
na kifuniko kitakachofunguka mara moja tu,
baada ya miaka sita,
pasipo mtu wa kukigonga kikikwama.

Jana tulikitikisa mezani, kikanguruma.
Tukakioka, tukakigandisha.
Skrubu ya nane ililegea:
ile niliyoikaza mimi
siku simu ilipolia kutoka Tanga.

Sikusema. Hasmita alichukua bisibisi,
akaikaza, akadondosha tone la gundi,
akaandika daftarini: *ya nane, imerudiwa*.
Jina hakuweka.

Nje, mvua ya Novemba, madirisha ya maduka ya sari.
Naenda kwa miguu, koti langu lavuja mabegani,
mimi niliyekijengea nyumba kitu
kitakachosimama Utaridi, uso kwa uso na jua.
Mfuko wa ndani ndio pekee mkavu.
Simu imo humo.
Tangu siku ile sijapiga.